Sindano Ndani ya Kilemba

Siku zile Wakasai, watu wenye asili ya mkoa wa Kasai, walipokuwa wanafukuzwa Kolwezi, mkoani Katanga, niliona mlinzi wa stesheni akishika cherehani ya mama mmoja mshonaji.

"Mashini ni ya Katanga. Inabakia."

Mama aliinama kana kwamba anaipangusa vumbi, kisha akamkabidhi kwa mikono miwili. "Kamata, tata," alisema, akimwita baba kwa heshima.

Mlinzi alipoondoka, mama alinionyesha sindano aliyoichomeka kwenye kilemba. "Ule aliyevumbua mashini aliumiza kichwa sana, mpaka akatia tundu huku kwa ncha. Bila hii, ile ni chuma tu. Na mu magazini, mu maduka yote, sindano haiko tena."

Nilicheka. Kisha nikatazama reli tupu, nikaomba treni ifike kabla mlinzi yule hajajaribu kushona.