Chesi ya Kuposea

Nilitaka kuoa, na baba wa mchumba wangu alitaka kwanza kujua ninafanya kazi gani. Hapo ndipo shughuli ilipoanzia, maana kazi yangu nilikuwa nashindwa kuieleza hata kwa mama yangu mzazi. Kwetu Kamuli watu wanamwelewa mtu anayelima kahawa, anayefundisha shule, anayeendesha bodaboda. Mimi nilikuwa nashinda ndani na laptopu, nimekunja uso, na jioni nafuta nilichoandika tangu asubuhi. Mama aliwaambia majirani kwamba mwanawe bado anatafuta kazi.

Mchumba wangu alikuwa muuguzi wa zahanati kwao Kaisho. Baba yake alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mtu wa kusema kidogo na kukutazama sana. Mshenga wangu alikuwa baba mdogo, mnunuzi wa kahawa pale Omurushaka, ambaye akianza kuongea redio inazimwa. Alikwenda Kaisho kupeleka neno, akarudi na jibu: Mwalimu hakatai, ila binti yake hampi mtu ambaye kazi yake haionekani. Siku ya kwenda rasmi nibebe kitu nilichokitengeneza, akione kwa macho yake.

Mchumba akanipenyezea siri kwamba baba yake anapenda chesi. Alijifunza chuoni, akamfundisha na yeye tangu mdogo, na mpaka leo wanachezea ubao wa zamani ambao kete zake zilizopotea zimezibwa kwa vifuniko vya soda. Nikajiona nimemaliza kazi. Nitamwandikia mzee programu ya chesi, tena kwa Kiswahili, acheze bila vifuniko, mambo kwisha.

Nieleze kidogo, na sitakuchosha. Kwa njia ninayotumia mimi, programu unaigawa katika vitu, na kila kitu kinajua mambo yake. Nikaanza na mzazi mmoja, nikamwita Kete. Huyu anajua rangi yake na mahali aliposimama, basi. Chini yake nikaweka watoto: mfalme, malkia, ngome, askofu, farasi na askari. Rangi na mahali wamechukua kwa mzazi, lakini mwendo kila mmoja ana wake. Ubao wenyewe haujui farasi anarukaje. Ukitaka kujua unamuuliza farasi, unaweza kufika pale? Naye anajibu ndiyo au hapana, na hakuna anayeingilia ya mwenzake. Ilikuwa safi, nakuambia. Nilikuwa naitazama kama mtu anavyotazama mgomba wake uliobeba mkungu mkubwa.

Wa kwanza kuijaribu alikuwa mchumba, Jumapili moja baada ya ibada. Akacheza kidogo, akasema mfalme wangu hajui kujificha. Kwao wanaita hivyo ile hatua ya kuhamisha kete mbili kwa zamu moja: mfalme anasogea upande wa ngome, na ngome inamruka na kutua ubavuni mwake kumkinga. Nilikuwa naijua. Niliikwepa makusudi, kwa sababu kete zangu hakuna inayomjua jirani yake, na kuiingiza hatua hiyo kungenibomolea nusu ya nyumba. Nikamwambia siku hizi watu hawaitumii. Akasema baba anaitumia kila mchezo. Nikasema haya, tutaona, kwa ile sauti ya mwanamume anayetaka mazungumzo yaishe, kisha nikaendelea kuchagua rangi nzuri ya miraba.

Siku ikafika. Tulipokewa vizuri, shikamoo zikatembea, kikapu cha kahawa ya kutafuna kikazunguka. Kwa desturi yetu muoaji siku hiyo hasemi. Anakaa ameinamisha kichwa, mshenga ndiye mdomo wake, na neno lolote likiharibika upande wetu tunatozwa faini. Kwingine faini ni rubisi, pombe yetu ya ndizi, lakini Mwalimu ni Mlutheri asiye na mchezo, kwake faini ni soda, tena kwa kreti. Binti naye anakaa chumba cha ndani na shangazi zake, haonekani wala hasikiki mpaka aitwe. Kabla laptopu haijafunguliwa, baba mdogo alikuwa ameshatozwa kreti kwa kukaa kabla ya kukaribishwa.

Mwalimu akavaa miwani akaanza kucheza. Alikuwa anasogeza kete kwa kidole kimoja, polepole, kama anasahihisha mtihani. Nikamwona anatabasamu kwa mbali, na mimi moyoni nikaanza kupanga harusi. Ndipo akamshika mfalme wake ili amfiche. Kwenye kioo yakatokea maneno niliyoyaandika mwenyewe nikiwa na raha zangu: Umekosea. Mfalme hatembei hivyo.

Mwalimu wa hesabu, nyumbani kwake, mbele ya wageni, anaambiwa umekosea na laptopu ya kijana wa Kamuli. Akarudia. Ikamjibu vilevile. Mzee mmoja wa upande wao akasema, bila hata kuinua macho, kwamba hiyo ni kreti. Mwenzake akakumbusha kwamba imemkosea mzee mara mbili.

Mwalimu akataka kujua ni nani anayemkataza. Baba mdogo akaniinamia, nami nikamnong'oneza kwamba ubao unamuuliza mfalme, mfalme ndiye anayekataa, kwa kuwa haijui ngome. Baba mdogo maisha yake yote amebishana na watu juu ya unyevu wa kahawa. Akasimama, akanyoosha koti, akaeleza kwa heshima zote kwamba mfalme wa kijana wetu ni jasiri, hajifichi. Watu wakacheka. Mwalimu hakucheka. Akauliza inakuwaje mfalme asiijue ngome na wanakaa mstari mmoja. Nikanong'ona tena kwamba nimepanga kila kete ishughulike na mambo yake. Baba mdogo akatangaza kwamba katika ukoo wetu kila mtu anashughulika na mambo yake. Nikasikia shangazi mmoja huko ndani anaguna. Nilitamani ardhi inimeze mimi na laptopu yangu.

Alipoona mambo yanazidi kuharibika, baba mdogo akatoa maneno niliyomwambia mwenyewe njiani: hatua hiyo, Mwalimu, siku hizi watu hawaitumii.

Sauti ikatoka chumba cha ndani. "Baba, mimi nilimwambia. Nilimwambia wewe unaitumia."

Shangazi wakamnyamazisha, lakini neno lilikuwa limeshafika. Mwalimu akavua miwani. Alimtazama mshenga, maana ndiyo desturi, ila maneno yalinilenga mimi.

"Programu ikikosea inarekebishwa," alisema. "Mimi nauliza kingine. Binti yangu alimwambia, hakusikia. Akishamchukua, atamsikia nani?"

Baba mdogo akanigeukia apate la kusema. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nikamwona baba mdogo kaishiwa maneno, na mimi nikaogopa, nikaogopa kweli, kwa sababu yule binti nilikuwa nampenda na niliona ananiponyoka kwa ujinga wangu. Mwalimu akatoa uamuzi. Turudi kwetu. Mchezo ataukagua binti yake, si yeye. Siku binti akiridhika, tutaitwa. Asiporidhika, tusije. Tukaondoka, na hela ya kreti tulizodaiwa tukaiacha hapo.

Nikaibomoa programu. Sasa ubao ukawa unawauliza wote wawili, mfalme na ngome, kama kuna aliyewahi kusogea, kama njia iko wazi. Kila Jumapili nikapanda boda mpaka Kaisho, tukakaa barazani, shangazi mmoja pembeni anapukuchua maharage na kunikodolea macho. Mchumba anacheza, ananirudisha. Mara mfalme anajificha akiwa ameshatishiwa na adui, haifai. Mara anajificha kwa kupita mahali adui anapopalenga, haifai. Mara hilo neno umekosea nilitoe, yeye nyumbani kwake hataki kuambiwa hivyo. Nililitoa. Nilisikiliza mpaka masikio yakaniuma, na wakati mwingine nilishuku kwamba makosa yamekwisha, ananifaidi tu.

Jumapili moja akacheza muda mrefu bila kusema kitu. Alimficha mfalme kulia, akaanza upya akamficha kushoto. Nikavumilia, nikashindwa, nikauliza bado nini.

"Askari wangu akifika mwisho wa ubao unampandisha cheo anakuwa malkia," akasema. "Kila mara malkia. Hujaniuliza nataka nani."

Nikafungua mdomo kumwambia kwamba hakuna mtu duniani anayeacha malkia akachukua kete nyingine. Nikaufunga.

"Unataka nani?" nikamuuliza.

"Farasi."

"Haya. Nitakuwekea farasi."

Akanitazama sana, vilevile anavyotazama baba yake. Kisha akafunga laptopu, akageukia mgombani, ambako Mwalimu alikuwa anakata majani makavu, akapaza sauti.

"Baba, waambie waje."