Faili Isiyojulikana Mwenyewe

Habari ya kifo chake ilinikuta Makadara, nikingoja mahamri, na tangu hapo sijatulia. Nimeinuka kitini mara kadhaa kabla ya kuimaliza sentensi hii. Hakuwa ndugu yangu, wala rafiki wa kuambiana siri. Alikuwa fundi wa kompyuta ambaye nilipita kibandani mwake tukasalimiana sana na kuongea kidogo. Labda ndiyo maana nahangaika: sijui nikae matanga kama nani.

Jirani yangu mshonaji hudarizi kanzu kwa mashine inayopokea michoro kutoka kwenye kompyuta. Ana programu mbili zilizoandikwa kwa Python, lugha ya kuandikia programu: moja hugeuza mchoro kuwa mishono, nyingine humpangia namna ya kukata kitambaa. Wiki ya harusi moja ya Tononoka, kanzu ya bwana harusi ikiwa bado tupu kifuani, ile ya mishono ikagoma, ikataka toleo jipya la kifurushi kimoja inachokitegemea. Shemeji yake akajaribu kuliweka. Msimamizi wa vifurushi, yaani programu inayoleta na kupanga programu nyingine, akakataa: faili mojawapo tayari ipo mahali pale. Tukamwita marehemu.

"Lazimisha, bwana," shemeji akamwambia. "Amri ya kuandika juu yake ipo. Wangoja nini?"

"Nangoja kujua ni ya nani."

Akaiuliza kompyuta. Ikajibu kwamba faili ile haimo katika kifurushi chochote ilichokiweka.

"Basi, haina mwenyewe."

"Kompyuta haimjui mwenyewe. Hayo ni maneno mengine."

"Na bwana harusi aende kifua kitupu?" jirani akauliza.

"Harusi si leo, bi. Nipe chai."

Alipochimba akagundua kuwa faili ililetwa na shemeji mwenyewe zamani, kwa chombo cha Python, bila kumpitia msimamizi. Ile programu ya kukata ilikuwa ikiitegemea, katika toleo lile lile la zamani. Tungeandika juu yake, mishono ingepona na ukataji ungekufa, na nguo za maharusi zilikuwa bado hazijakatwa zote. Akaitengea programu ya kukata chumba chake ndani ya kompyuta, pamoja na toleo lake la zamani, akaijaribu. Kisha akaiondoa ile faili kwa chombo kile kile kilichoileta. Msimamizi akaweka toleo jipya bila ugomvi, na mashine ikaanza kudarizi.

"Kumbe mwizi ni mimi," shemeji akasema.

"Si mwizi. Mgeni tu, uliingia bila hodi."

Ijumaa moja nilimwona akitoka Mji wa Kale peku, lami inawaka. Viatu vyake vilikuwa vimechukuliwa msikitini, na pale mlangoni vimebaki vingine vinavyofanana navyo. Nikamuuliza kwa nini hakuvivaa, maana ni dhahiri mtu amebadilisha. "Na kama mwenye vile yumo ndani bado asoma?" Nikacheka.

Sitamsifu kupita kiasi. Husemwa mwenda pole hajikwai, lakini yeye alijikwaa sana: wateja walimkimbia wakaenda kwa mafundi wanaomaliza upesi. Nilimwona akikaa asubuhi nzima bila mtu. Na mji wetu sasa ni wa hao wa upesi. Baraza isiyo na mtu inageuzwa kibanda, ukuta wa jirani unatobolewa kupitisha waya, na ukiuliza utajibiwa kwamba hakuna aliyekataza. Jambo linakwenda, na kinachovunjika kinavunjikia nyumba ya pili, ambako wewe hulali.

Juzi nilikwenda kwenye khitma yake. Nilipotoka viatu vyangu havikuwapo. Vilibaki vingine, saizi yangu, vipya kidogo kuliko vyangu. Sikuwa na subira. Nilitaka kwenda zangu, na mguu mmoja ulikwisha kuvigusa. Nikaurudisha nikakaa barazani, nikainuka, nikakaa tena. Baadaye akatoka mzee mmoja aliyebaki ndani akimwombea dua, akanisalimu kwa utaratibu, akavivaa, akaenda.

Nilirudi nyumbani peku. Nilichokipata kwake ni hiki: kutomjua mwenye kitu si ruhusa ya kukichukua. Mara nyingi yumo ndani, hajamaliza tu.