Ndizi za Gonja

Juzi, nikiwa peke yangu chumbani huku ugenini ninakosomea, nilitazama kwenye simu mchezaji mweusi akirushiwa ndizi uwanjani. Nikaikumbuka alasiri ambayo baba mdogo alirudi Gonja, baada ya kustaafu soka Ulaya, ili aifundishe timu yetu ya kijiji.

Nyasi zilinukia mvua. Bibi alimpokea kwa ndizi mbivu, kama apokewavyo kila mtu atokaye mbali.

"Kula, mwanangu. Huko hawana hizi."

"Wanazo, mama," alijibu taratibu.

"Labda za kwenye friji!" wakamtania wachezaji wenzake wa zamani.

Yeye hakucheka. Aliitazama ile ndizi, kisha akaimenya na kuila yote, huku machozi yakimlengalenga. Nilidhani, wala sikuwa na shaka hata chembe, kwamba ni kwa ajili ya utamu wake.