Hina ya Nyanya

Harufu ya hina iliyokandwa kwa ndimu hunipandisha hasira hadi leo. Nilikuwa mtoto. Shangazi yangu alikuwa ameolewa juzi tu, na wanawake wote wa nyumba yetu ya Mkomani walikuwa na ncha za vidole nyeusi kwa hina.

Karani wa uchaguzi, mgeni kutoka bara, alisimama kwenye daka la mlango wetu akiwafundisha kupiga kura. Walimsikiliza kutoka ndani, maana hawakujitokeza mbele ya wanaume wageni. Akasema kila aliyepiga kura atatiwa wino kidoleni, na atakayekuja na kidole cheusi ni mwizi, atafukuzwa.

Nyanya akapenyeza mkono mlangoni. "Na hiki je, bwana?"

"Kaoshe, mama."

"Hina haioshwi. Hutoka yenyewe."

Karani akacheka. "Basi ngojeni uchaguzi mwingine."

"Shika ndia yako!" Nyanya akaubamiza mlango.

Kura ilipokaribia, hina ilikuwa imefifia na vidole vimetakata. Nyanya akanituma ndimu. Akapaka upya vidole vyote kumi, na kulipokucha akavaa buibui, akaenda kusimama wa kwanza kwenye foleni.