Nafasi ya Tusekile Kwenye Sinia

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka kila ninaponawa mikono kabla ya kula. Ilikuwa enzi za Mwingereza, nami nimerudi likizo kutoka chuo kikuu, najua kila kitu isipokuwa kunyamaza.

Dada yangu Tusekile alikuwa mfinyanzi hapa kijijini kwetu Lyulilo, kando ya ziwa. Siku moja akichoma vyungu, upepo wa ziwani uligeuza moto ukamla mkono wa kulia. Kidonda kilipopona, kovu lilivuta vidole vyote kiganjani, ikawa ngumi isiyofunguka. Tangu hapo alikula peke yake jikoni, maana mkono wa kushoto hauingii kwenye sinia la watu. Hakuna aliyemfukuza. Alijiondoa mwenyewe, na hilo ndilo lililotuuma.

Jioni moja ya likizo ile, tukiwa kwenye sinia, alitoka jikoni akatuambia daktari wa misheni amekubali kulikata kovu na kupandikiza ngozi ya paja.

Nikauliza, kama nilivyouliza kila jambo, "Nimesoma kwamba Ulaya wanawake hupasuliwa pua ziwe nyembamba. Dada, nawe umeanza urembo?"

Tusekile akacheka. "Mdogo wangu, urembo gani wa kushika wali?"

Bibi yetu hakucheka. "Msomi, kunja ngumi. Haya, kula."

Nikakunja. Wali wa mchele mpya kutoka Ngonga ulinukia mbele yangu, nisiweze kuchota hata tonge.

"Huyo wa Ulaya ana pua, anataka nyingine," akasema bibi. "Huyu anataka mkono wake."

Tusekile alirudi kutoka misheni mavuno yalipokwisha, likizo yangu ikikaribia mwisho. Vidole vilinyooka, ingawa si sana, na kiraka cha ngozi hakikulingana rangi. Akanawa, akaketi kushotoni kwangu, akachota.

"Ndaga," akasema bibi, yaani asante, wala hatukujua anamshukuru nani.

Tusekile hayupo tena. Hata leo nikila husogea kidogo kulia bila kufikiri, nimpishe.

Mwanangu, endelea kuhoji, mimi sijaacha. Lakini kabla hujamcheka anayekwenda kwenye kisu cha daktari, uliza mwili wake umeshindwa nini. Upasuaji wa urembo hubadili sura ya kiungo chenye afya, na mwenye mwili ana hiari yake. Wa kurekebisha humrudishia mtu alichonyimwa na moto, ugonjwa au kuzaliwa. Kidole kimoja hakivunji chawa, na ngumi haili na wenzake.

Mungu akujalie mkono unaofunguka, na sinia lisilopungukiwa mtu wa kumpisha.