Mbegu Zilizotangulia Mvua

Mwanangu, katika siku zote za ujana wangu iko moja inayonijia kila nikiona wingu juu ya Kilima Mbogo. Ilikuwa Oktoba, miaka ya hamsini, na ardhi ya mashariki ya Thika ilikuwa imekauka hadi jembe likigonga chini linalia kama limegonga sufuria. Jua lilikuwa linashuka. Katikati ya vumbi lile mwanamke mmoja alikuwa ameinama, anapanda mahindi.

Anapanda, nakuambia, na juu hakuna hata wingu la kufunika kiganja.

Huyo alikuwa Mama Mumbua, jirani yetu katika laini, zile nyumba za safu za wafanyakazi wa shamba la mkonge. Alikuwa Mkamba, mjane, mwembamba, mwenye kicheko kikubwa kuliko mwili wake. Mchana alianika nyuzi za mkonge kwenye waya. Jioni alilima kile kipande cha ardhi ambacho kila mfanyakazi alipewa apande chakula. Alikuwa akilea wajukuu wawili. Posho ya unga ilitolewa kwa mfanyakazi peke yake, kwa hiyo watoto wale walikula kilichotoka katika kipande hicho, na kisipotoa kitu hawakuwa na pengine. Shika hilo moyoni, mwanangu, ndipo utaelewa nitakayosema.

Mimi nilikuwa mke mchanga, nimefika majuzi kutoka Maragoli, kule magharibi kwenye mvua nyingi, kumfuata mume wangu Zakayo, mkata mkonge. Nilikuja na mbegu za kwetu, zikaliwa na fukusi kabla sijajua hata njia ya kisimani. Jumapili moja mwalimu wa kanisa akatufundisha kwamba aliye na kitu amgawie asiyekuwa nacho. Tuliitikia amina sote, kwa sauti kubwa, kisha tukaenda nyumbani kupika. Jioni Mama Mumbua alisimama mlangoni kwangu na kibuyu cha mahindi ya mbegu yaliyochanganywa na majivu ya kuzuia fukusi.

"Nimezigawa mbegu zangu nusu kwa nusu," akasema. "Hizi zako."

"Na wajukuu, Mama?"

"Kwani mwalimu alikuwa anaongea na nani kule kanisani? Na kuta?" Akacheka. "Ni mahindi ya huku, Rhoda. Ni mafupi lakini yanakomaa upesi. Usiyangojeshe. Panda sasa."

Zakayo alishika kichwa. "Kupanda kwenye vumbi? Kwetu mtu hungoja udongo ulowe mpaka ushikane mkononi. Huyu mama ni mtu mzuri, lakini hii ni kutupa mbegu."

Hatukujua kwamba mvua ya upande ule haikai. Inakuja, inamwaga, inaondoka, na mbegu iliyoikuta tayari iko chini ndiyo inayowahi kukomaa. Wakamba walijua hivyo tangu zamani. Lakini kwa Mama Mumbua kulikuwa na jambo zaidi ya desturi. Kila shimo alilofunika kwa mguu wake aliliombea, midomo ikicheza polepole. Sisi tulipanda mistari michache kumridhisha jirani, na mbegu zilizobaki nikazitundika ndani ya kibuyu juu ya meko, moshi uzilinde.

Mvua ikachelewa. Kisimani alikuwako Nyambura, mwanamke mwenye mzaha uliowasha kama upupu.

"Mama Mumbua," aliita, "panya wanakusalimia! Wanasema chakula cha jana kilikosa chumvi."

Wanawake wakaangua kicheko. Mama Mumbua akajitwika debe lake la maji. "Waambie chumvi iko njiani, inakuja na mvua," akajibu, na kicheko kikamgeukia Nyambura.

Kisha wakaja kanga, wale ndege wenye madoadoa. Asubuhi moja nilimkuta Mama Mumbua amesimama pembeni ya shamba lake. Katikati yote ilikuwa imefukuliwa, mashimo matupu yamebaki wazi kama vinywa vya watoto. Nyumbani hakuwa na punje hata moja. Machozi yalimtoka, wala hakuyafuta.

"Mama," nikanong'ona, "bado unaamini?"

"Ninalia, Rhoda. Nani alikwambia kuamini ni kucheka tu?" Akaonyesha yale mashimo. "Nilipewa mikono, nikapanda. Nilipewa jirani, nikagawa. Sehemu yangu imeisha. Iliyobaki ni Yake."

Nilikumbuka kibuyu changu juu ya meko. Nikaona pia chungu changu mwenyewe kikiwa kitupu, nikarudi nyumbani bila kukitaja kile kibuyu.

Jumapili iliyofuata tulikuwa ibadani, katika darasa la bati tulilolitumia kama kanisa, radi ilipopasuka. Halafu mvua ikaanguka. Bati likaunguruma hata tusimsikie mwalimu. Watu wakaanza kutoka mmoja mmoja wakikimbilia majembe, na Zakayo naye akainuka. Nilimshika koti, nikamwonyesha benchi la mbele.

Mama Mumbua alikuwa amesimama, mikono juu, anaimba. Mvua ile ilikuwa ikinyeshea mashimo matupu, na yeye alijua hivyo. Wengine waliokuwa na mbegu walikuwa wamekwisha kukimbia. Asiyekuwa na mbegu ndiye aliyekuwa akishukuru. Sijapata kuona uso mzuri kuliko ule, hata siku ya harusi yangu. Zakayo aliutazama muda mrefu, kisha akaketi.

Tulipofika nyumbani hakuvua hata koti lililolowa. Alikiteremsha kibuyu mwenyewe, akanikabidhi.

"Twende kwake," akasema.

Mama Mumbua alifungua mlango, akatukuta tunachuruzika maji. Nikamnyoshea kibuyu. "Mama, hizi ni zako."

Akachungulia ndani. "Hamkupanda?"

"Mistari michache tu. Tuliogopa."

Akatutazama, mimi, kisha Zakayo, kisha kibuyu. Nilijua atatukemea, na nilikuwa tayari. Lakini alianza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Nilimwomba Mungu anitunzie mbegu," akasema akijipangusa macho. "Kumbe amezitunza ndani ya woga wenu!"

Tukazigawa tena, nusu kwa nusu, juu ya mkeka wake. Alfajiri ya Jumatatu tulipanda pamoja, udongo ukishikana mkononi kama alivyopenda Zakayo.

Mvua haikukaa. Ile mistari iliyotangulia kwenye vumbi, iliyonusurika kwa kanga, ilibeba mahindi ya kujaza mkono. Ile ya baadaye ilitoa vigunzi vyenye punje za kuhurumiwa. Tulikula kwa kupimapima, lakini tulikula, na wajukuu wale hawakulala njaa. Hindi la kwanza kuchomwa Mama Mumbua aliliweka mkononi mwangu. Mwaka uliofuata, kabla ya wingu lolote, nilimwona Nyambura mlangoni kwa Mama Mumbua na kibuyu kitupu.

"Panya wamekuachia kidogo, Mama?"

"Lete kibuyu, mchokozi wewe."

Mwanangu, Mama Mumbua alikwisha kwenda kwa Bwana wake, na mimi nimezeeka, lakini bado namfuata kwa nyuma. Neno la Mungu likikufikia, litii siku hiyo hiyo, ardhi ikiwa bado kavu. Usingoje udongo ulowe ndipo uamini. Kanga watakuja, sikudanganyi kwamba hawaji. Ukilia, lia, ila usiondoke shambani. Ulichokitoa kwa kumtii hakijapotea, hata kama hujui kimetundikwa juu ya meko ya nani.

Mungu aliyezihifadhi mbegu za mjane yule katika nyumba ya waoga akuhifadhie na wewe yaliyo yako. Akupe mkono wa kugawa kabla hujashiba, na wimbo kinywani mvua inyeshapo, hata ikinyesha juu ya mashimo matupu. Na vumbi la miguu yako siku moja lilowe. Amina.