Neno Nililoliitikia Kivukoni

Mkitaka kunicheka nichekeni, mimi mwenyewe nimeshajicheka hadi machozi, ila naomba mcheke taratibu, maana shangazi Perusi mpaka leo hataki jambo hili litajwe akiwa sebuleni.

Mimi ni fundi wa nguo, nina kibanda changu pale Mirongo, na siku hiyo nilikuwa natoka Sengerema nimebeba begani kichwa cha cherehani nilichonunua kwa mama mmoja aliyeacha kushona (chuma kitupu, kizito kama mtoto aliyelala). Kivuko cha Kamanga kilikuwa kimejaa magari, nami nilikuwa nimesimama katikati yake naangalia ziwa, ambalo asubuhi ile lilikuwa limetulia tuli, limefunikwa na ukungu mwembamba, huoni ulikotoka wala unakokwenda, unaona mwanga tu umelala juu ya maji, na mawazo yangu yakaenda nao huko mbali, nikasahau kabisa kwamba nina mzigo. Kivuko kikagusa gati upande wa mjini, mimi nikayumba, cherehani ikayumba nami, na kioo cha pembeni cha gari moja jeusi kikadondoka chini, paa!

Akashuka kaka mmoja, shati jeupe, viatu vinang'aa. Mimi machozi nilikuwa nimeshayaandaa. Lakini wala hakufoka. Aliokota kile kioo, akanitazama, akasema kwa sauti ya chini, nusu Kiingereza kama watu wa maofisini, "Sista, sitaki makelele hapa. But you will be held liable. Umenielewa?"

Sasa hapa ndipo nilipojimaliza. Ningesema tu "sijaelewa, kaka," mkasa ungeishia palepale. Lakini abiria walikuwa wamenikodolea macho, na kaka mwenyewe ananukia vizuri, nikaona haya kuonekana mshamba, nikatabasamu nikamjibu, "Yes, please."

"Yes, please?" Alishangaa kidogo, halafu akachukua namba yangu, akasema yeye anaitwa Deo, atanipigia.

Nilifika kibandani nikamsimulia rafiki yangu Sesilia, anayeuza vitambaa mlango wa pili (huyu alimaliza kidato cha nne, kwa hiyo ndiye mwalimu wetu wa Kiingereza).

"Held ni kushikwa," akaniambia. "Kama vile kukumbatiwa."

"Na hiyo liable?"

"Hapo umesikia vibaya. Ni reliable. Si unajua sisi watu wa huku r na l zinatuchanganya? Reliable ni mtu wa kutegemewa." Akayaunganisha yale maneno, akaweka mkono mdomoni. "Nyanjura! Utakumbatiwa, maana wewe ni mtu wa kutegemewa! Umemvunjia gari halafu anakuambia maneno kama hayo? Huyo ana nia."

Jamani, zile siku zilizofuata sijui niziitaje. Nilikuwa natembea lakini miguu haigusi chini. Nilishona mkono wa gauni la mteja ukatokea shingoni, nikauangalia, nikaona umependeza. Jioni nilikuwa nakwenda kukaa juu ya mawe kando ya ziwa, maji yanakuja yanarudi, magugu maji yanaelea na maua yake ya zambarau, na kila boti iliyopita niliona kama inamleta mtu ninayemjua. Hata sauti yake nilikuwa naisikia ndani ya mawimbi, ileile ya chini, isiyo na makelele.

Ndipo akapiga. "Jumapili mchana njoo na mtu mzima wa kwenu, tulimalize kifamilia." Akanitajia bustani ya hoteli moja ya pale ufukweni.

Kifamilia! Sesilia alipiga yowe, wapita njia wakasimama. Nikamwendea shangazi Perusi kule Buzuruga, yeye ndiye aliyenilea, naye akafungua sanduku akatoa kitenge ambacho hakijawahi kuvaliwa.

Tulimkuta Deo amekaa na mwanamke mmoja mzuri. (Shangazi akaninong'oneza, "Amekuja na dada yake. Watu wenye heshima hao.") Kwenye meza ya jirani palikuwa na familia inasherehekea kipaimara cha mtoto wao, nyama, soda, watu wengi.

"Shikamoo mama," Deo akasema.

"Marahaba, baba." Shangazi hakukaa. Yeye ni kiongozi wa kwaya ya akina mama, sauti yake haijui kunong'ona akishasimama kuhutubia. "Sisi hatuna haraka. Binti tumemlea kwa maadili, na mkija vizuri tutapokeana vizuri. Ila kwetu bado ni ng'ombe."

"Ng'ombe wa nini, mama? Mimi nataka kioo tu."

"Kioo mtaweka wenyewe nyumbani kwenu. Sisi tunazungumzia mahari."

Kusikia mahari, mama mmoja wa meza ya kipaimara, mtu nisiyemjua kabisa, akapiga kigelegele. Wenzake wakampokea. Yule mwanamke wa Deo akaweka uma chini polepole.

"Mahari ya nani?"

"Ya huyu hapa," shangazi akanionyesha.

"Mimi ni mke wake," akasema yule mwanamke.

Vigelegele vikakatika kimoja kimoja. Deo akanigeukia, jasho linamtoka, "Dada, kwani mimi nilikuambia nini kule kivukoni?"

"Ulisema... nitashikwa." Sauti yangu ilitoka ndogo kama ya sisimizi. "Held. Kwamba mimi ni reliable."

Mkewe alinitazama, mdomo ukaanza kumtetemeka, nikajua anazuia kicheko, na kwa kweli alijitahidi. "Si reliable, mdogo wangu. Ni liable. Ni kuwajibika kisheria. Umeharibu kitu cha mtu, basi wewe ndiye wa kulipa. Na hiyo held hapo haina mikono, maana yake utabebeshwa hilo jukumu."

Shangazi akakaa. "Kwa hiyo tumevaa hivi tuje kudaiwa."

"Ndiyo, mama," Deo akasema kwa adabu zote, akatuagizia soda. Tukakubaliana nilipe kidogo kidogo.

Kumbe aibu yenyewe ilikuwa bado. Kufika Buzuruga, Sesilia na akina mama wa kwaya walikuwa wamejaa mlangoni, wametandika kanga chini tupite juu yake, wanaimba. "Wamesemaje? Wamekubali?"

Shangazi akavua viatu, akazikanyaga zile kanga. "Wamekubali," akasema. "Tulipe kidogo kidogo." Akaingia ndani akafunga mlango, mimi nikabaki nje na wale waimbaji.

Kioo nimeshakilipa. Na nimeapa, neno nisilolijua nitaliuliza hapohapo mbele za watu, hata gati zima linisubiri. Lakini zile siku chache za pale kwenye mawe, wakati maji yote ya ziwa yalikuwa yanakuja kwangu, siwezi kusema nazijutia. Katika mambo yote haya, hizo tu ndizo ambazo hakuna aliyenidai.